Promo ya vizibo kwa kinywaji kidogo Mwanza: inalipa, au tunaiga wakubwa tu?

Mdau_Buzuruga:

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo ya watu wa masoko na wa baa.

Bidhaa ni mvinyo wa ndizi, chupa ya ml 330 yenye kizibo cha bati, kilevi asilimia 8. Unauzwa kwenye baa na grosari za Mwanza mjini, kidogo Sengerema na Nansio kisiwani Ukerewe. Mzigo wa miezi miwili ijayo ni chupa 30,000. Bajeti ya promo ni shilingi milioni 15, humo humo zawadi, uchapaji na usafiri.

Bosi anataka zawadi za chini ya kizibo, kubwa yake iwe pikipiki. Hoja yake ni kwamba watu bado wanaitaja "Maokoto ndani ya Kizibo" ya kampuni ya bia ya Serengeti. Mimi nina wasiwasi na hesabu. Nauliza hivi: promo ya vizibo inaendeshwaje kiwandani na kwenye kaunta, na huharibikia wapi? Halafu hizi kampeni za vinywaji ambazo watu hawazisahau zilibebwa na nini hasa? Na je, kwa milioni 15 hapa Mwanza, ninyi mngezipeleka wapi?

Kaunta_ya_Pili:

Mkuu, wasiwasi wako ni wa haki. Nianze na kizibo chenyewe.

Kizibo cha kawaida kina meno 21 na ndani kina utando wa plastiki unaobana mdomo wa chupa. Maandishi ya promo hukaa chini ya utando huo au juu yake, na huchapwa na kiwanda cha vizibo, siyo na wewe. Vizibo huja kwenye katoni, kwa kawaida 10,000 kila moja, lakini kiwanda hakikubali kukuchapia katoni tatu za peke yako. Watataka oda ya kuanzia vizibo laki kadhaa. Hapo tu promo ya bosi wako inaanza kuyumba, maana vizibo vitakavyobaki vitakuwa na ahadi ambayo muda wake umekwisha.

Tuseme umepata vizibo. Shida ya pili ni kuchanganya. Kama umepanga mshindi mmoja kwa kila chupa 20, usimimine vizibo vya ushindi kwa mkupuo kwenye pipa la mashine. Vitatoka vikifuatana, viingie kwenye kreti zilezile, na kreti hizo zishuke kwenye baa moja. Igoma watashinda wote, Nyegezi watasema ni utapeli. Changanya kwa mafungu madogo, vizibo 950 vya kawaida na 50 vya ushindi, juu ya sinia safi na kwa glavu, maana upande ule unagusa kinywaji. Asiwepo mtu mmoja peke yake wakati wa kuchanganya.

Tatu ni kaunta. Chupa anaifungua mhudumu, na kizibo kinabaki mkononi mwake. Asiyelijua hili anashangaa kwa nini washindi wote ni wahudumu. Dawa yake ni kuandika kwenye bango na kulirudia: chupa ifunguliwe mezani na kizibo kiachwe mezani.

Nne, na hii ndiyo inayoua promo nyingi: nani anafidia? Mteja akishinda chupa ya bure, baa inatoa chupa yake ya kununua na kubaki na kizibo. Gari lako lisipopita kubadilisha vizibo kwa chupa kila wiki, kaunta itaanza kujibu "promo imeisha" hata kama haijaisha. Kila kizibo kilicholipwa kitobolewe kwa msumari palepale mbele ya mwenye baa, la sivyo utakilipa tena Misungwi wiki ijayo.

Na kabla bosi hajasaini chochote, msimulie habari ya Pepsi nchini Ufilipino mwaka 1992. Walichapa namba za tarakimu tatu chini ya vizibo na kutangaza namba ya ushindi kwenye televisheni. Tarehe 25 Mei ikatangazwa 349, zawadi ya peso milioni 1. Vizibo halali vya zawadi hiyo vilipangwa viwe viwili tu. Kumbe 349 ilikuwa imeshachapwa kwenye vizibo vya kawaida vilivyosambaa nchi nzima. Taarifa nyingi zinataja mpaka 800,000. Kampuni ikasema havina msimbo wa usalama, ikatoa peso 500 kwa kila kizibo kama kifuta jasho. Magari ya kampuni yalichomwa, watu walikufa, na kesi zikaendelea mpaka Mahakama ya Juu ya huko ilipotoa uamuzi wa upande wa kampuni mwaka 2006. Mahakamani walishinda. Mtaani sijui kama ushindi huo ulimsaidia mtu.

Kwa hiyo jibu langu: kwa chupa 30,000, hapana.

Rangi_na_Brashi:

Nijibu lile la kampeni zisizosahaulika, kwa sababu watu hudhani siri ni bajeti.

Chukua Guinness. Tangazo lao la kwanza la kampeni lilitoka 1929, na maneno yake yalikuwa machache tu, kwamba Guinness ni nzuri kwako. (Leo usithubutu kudai kilevi kinaleta afya, popote pale.) Baadaye mchoraji John Gilroy akaanza kuwachora wanyama wa bustani ya wanyama wakiiba bia ya mtunzaji wao, na mwaka 1935 akaingia yule ndege mwenye mdomo mkubwa, toucan. Ndege yule ametumika miongo kwa miongo. Kampuni nyingi ndogo hubadilisha picha kila Krismasi halafu hulalamika kwamba hawajulikani.

Huku kwetu Afrika kuanzia 1999 Guinness hiyohiyo ikamleta Michael Power, shujaa wa kubuni anayetatua matatizo kwa akili na nguvu, kwenye televisheni na redio, mpaka filamu ikatoka 2003. Watu walifuatilia kisa, na tangazo likapita humohumo. Redio ilisaidia sana, maana kisa kinachosikika bila picha kinafika mpaka kisiwani.

Coca-Cola nao, Australia mwaka 2011, waliondoa jina la kinywaji upande mmoja wa chupa wakaweka majina ya watu, 150 yaliyokuwa yakitumika sana. Mtu anatafuta chupa yenye jina lake au la rafiki yake, anaipiga picha. Hii ndiyo ningeiba kwa Mwanza, lakini kwa majina ya mitaa: Kirumba, Igoma, Mabatini, Nyegezi, Mkuyuni, Pasiansi, Buzuruga. Weka kwenye lebo ya shingo tu, lebo kubwa usiiguse. Wa Mabatini hatakubali kunywa chupa ya Igoma bila maneno, na hayo maneno ndiyo tangazo.

Bango la ukutani sasa. Herufi ya sentimita 2.5 inasomeka vizuri kwa mita 3. Ukitaka isomeke mita 60 kutoka barabarani inabidi iwe sentimita 50. Ukipima hivyo utagundua kwamba ukuta wa grosari hauwezi kubeba zaidi ya jina na maneno matatu. Ukuta wa mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Kwa mikono miwili ya rangi utahitaji kama lita 2.5, nunua kopo la lita 4 ubaki na ya kurekebishia. Ukuta wa chokaa upigwe praima kwanza, vinginevyo rangi itabanduka masika hayohayo. Na tafadhali, mawe yetu yaachwe bila kupakwa rangi. Jiji lina mawe mazuri kuliko nembo ya mtu yeyote.

Mama_Grosari:

Mmesema vizuri kaka zangu, ila mmewasahau watu wanaouza.

Mteja akikaa akauliza "kuna nini kipya?", jibu halitoki kwenye bango. Linatoka kwa mhudumu. Mhudumu anataja kile chenye baridi, ambacho chenji yake haisumbui, na ambacho anapata chochote kwa kukiuza. Sasa bosi wako anataka kununua pikipiki ya kama milioni 3 imfurahishe mtu mmoja. Milioni 3 hiyohiyo fanya hivi: kila vizibo 20 vya mvinyo wako ambavyo mhudumu amevikusanya, mpe vocha au umtumie kwenye simu shilingi 2,000. Hata vizibo vyote 30,000 vikirudi, ni mafungu 1,500, yaani milioni 3 kamili, haiwezi kuzidi hata senti. Hutumii kizibo maalumu, unatumia hichohicho ulichonacho.

Yanayoharibu mpango huu ni mawili. Kwanza, mwenye baa asipoambiwa mapema atawakataza, au atavichukua yeye. Ongea naye, mpe chake, mfano kreti moja kwa kila 20 anazonunua. Pili, lipa siku ileile uliyosema. Mkiahidi Ijumaa mkaja Jumatano ya wiki ya pili, jina lenu litazungushwa kwenye kaunta zote za Nyakato kabla hamjafika Sabasaba.

Baridi nayo. Chupa iliyoingia kwenye friji saa 9 mchana ikiwa ya moto, saa 11 bado ni vuguvugu, na umeme ukikatika ndiyo basi. Siku ya promo njoo na boksi la baridi la lita 50: chupa 24, barafu kilo 10, halafu mimina maji lita 10. Maji ni muhimu, barafu tupu huigusa chupa sehemu chache tu. Ndani ya kama nusu saa zinanyweka, ukizigeuza katikati. Barafu itayeyuka karibu nusu, kwa hiyo inabaki ya kupoza kreti nyingine moja, siyo tatu.

Ndani ya friji omba rafu ya usawa wa macho. Ukipewa ya chini kabisa, pokea, ila weka stika mlangoni.

Mdau_Buzuruga:

Asanteni sana. Mama, hili la wahudumu nimelipenda. Ila bosi bado anataka mteja apate kitu. Amesema basi iwe "leta vizibo 5 upate chupa moja". Nimepiga hesabu: 30,000 gawa kwa 5, chupa 6,000 za bure. Nimekosea?

Kaunta_ya_Pili:

Jibu umelipata sawa kwa bahati, lakini angalia linakotoka. Chupa ya bure nayo ina kizibo. Mtu akileta 5 anapata chupa pamoja na kizibo kipya, kwa hiyo ametumia 4 tu. Kati ya chupa 30,000, zitakazouzwa ni 24,000 na za bure 6,000. Unatoa moja bure kwa kila nne zilizolipiwa, siyo kwa kila tano kama tangazo linavyosema.

Ukitaka iwe tano kweli, kizibo cha chupa ya bure kitobolewe msumari palepale inapofunguliwa. Zinakuwa 25,000 za kulipiwa na 5,000 za bure. Msumari umekuokolea chupa 1,000. Kama gharama ya kiwandani ni shilingi 900, hizo ni laki 9.

Lakini hata hivyo siipendi. Vizibo vya baa nzima hufagiliwa na mtu mmoja saa 6 usiku. Wewe unafikiri unampa mteja, kumbe anayekuja na mfuko wa vizibo 200 asubuhi ni mfagiaji. Na huwezi kuendesha hii pamoja na mpango wa Mama Grosari, kizibo kimoja kitadaiwa mara mbili. Tena kilevi cha asilimia 8 usimpe mtu sababu ya kumaliza tano kwa kikao kimoja.

Mteja mpe mchezo. Safari Lager walijulikana sana kwa mashindano ya pool na ya nyama choma, na vyote viwili vina akili moja: vinamkuta mtu mahali anaponywea tayari. Meza ya pool ipo karibu kila grosari. Wachezaji 16 kwa mtoano ni michezo 15. Kwa dakika 15 kila mmoja, meza moja inatumia saa 3 na dakika 45. Anza saa 9 alasiri, saa 1 usiku unatoa zawadi watu wakiwa ndiyo wanaingia. Ukilipia meza shilingi 500 kwa mchezo ni 7,500 tu. Usiandikishe 20 au 23, ratiba itavurugika na watu watapigania nani apite bila kucheza.

Mwaloni_Kirumba:

Wakuu, hakuna aliyetaja mitumbwi? Ukiongelea kampeni ya bia iliyoshika Kanda ya Ziwa, ni mashindano ya kupiga makasia ya Balimi. Mchujo kwenye vituo kama Ukerewe, Bukoba na Musoma, fainali Mwanza. Kila timu inakuja na kijiji chake. Bia ile haikuleta mchezo mgeni, ilikuta watu wanajua kasia tangu utotoni ikaweka zawadi juu yake.

Msiige mbio zenyewe, bajeti yenu haifiki. Kila mpiga kasia avae jaketi la kuokolea, kuwe na boti ya injini ya uokoaji, kibali cha TASAC (wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini), na mbio zianze saa 2 asubuhi ziishe kabla ya saa 5, maana mchana upepo hupanda na ziwa huchafuka. Na asiguse kilevi mtu yeyote kabla ya kushuka majini.

Cha kuiga ni kalenda. Nansio na mialo ya dagaa mnakwenda lini? Ukisema mwisho wa mwezi kwa sababu ya mishahara, umekosea mahali. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikipevuka taa hazivuti vizuri, mitumbwi hupumzika siku kadhaa, hesabu za mgao hupigwa, na wavuvi wako nchi kavu mifuko ikiwa na kitu. Angalia mwezi, peleka mzigo siku mbili tatu kabla haujawa mpevu. Ukienda wakati wa giza utakuta grosari ina mwenye grosari peke yake na redio. Kwa Magu na Misungwi fuata pamba, pesa huanza kuonekana msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kuanzia Mei au Juni.

Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora mwezi Juni, inajaza watu kuona makundi hasimu ya ngoma, Bagika na Bagalu, lakini ile imeanzia kwenye sikukuu ya Ekaristi. Usipeleke bango la kilevi pale bila kuzungumza na wenyewe.

Kibali_Kwanza:

Kwa haraka. Zawadi yoyote inayopatikana kwa bahati, iwe kizibo au droo, inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na droo huchezeshwa mbele ya msimamizi wao. Malipo ya wahudumu kwa vizibo 20 hayana bahati ndani yake, kila aliyefikisha analipwa, na pool ni ustadi. Bado andika masharti na tarehe ya mwisho. Bango la nje ni la halmashauri husika: Jiji upande wa Nyamagana, Manispaa upande wa Ilemela, msichanganye risiti. Likiwa hifadhi ya barabara kuna TANROADS au TARURA pia. Spika za nje: kelele ni kosa, NEMC (baraza la mazingira) wanapima. Sampuli za kuonjesha zitolewe tu mahali pasiporuhusu watu wa chini ya miaka 18, na picha za tangazo tumieni watu wanaoonekana wazi kuwa wamepita miaka 25. Mkipanga vipakti vidogo vya plastiki vya kuonjesha, sahauni, viroba vilipigwa marufuku tangu 1 Machi 2017.

Rangi_na_Brashi:

Mdau, mkichukua wazo la lebo za mitaa, soma hili kabla ya kwenda kwa mchapaji.

Lebo ya shingo ya sentimita 8 kwa 4, kwenye karatasi ya SRA3 (kubwa kidogo kuliko A3) zinaingia 35. Chupa 30,000 ni karatasi 858. Chapa 900 kwa ajili ya zitakazoharibika. Mitaa saba kwenye karatasi moja, kila mtaa lebo tano, hailipishi zaidi ya mtaa mmoja, kwa sababu ni chapa moja. Ila zikikatwa zitakuwa zimechanganyika, kwa hiyo mwambie akate safu kwa safu na kufunga kila mtaa peke yake. Kwenye kreti changanyeni makusudi. Mkipeleka Kirumba chupa za Kirumba tupu hakuna mzozo, na bila mzozo wazo limekufa.

Karatasi ya kawaida msiikubali. Lile boksi la Mama Grosari la maji na barafu litazivua lebo zote ndani ya nusu saa na kuziba barafu kwa uji wa karatasi. Omba ya plastiki yenye gundi isiyoogopa maji. Bandikeni chupa ikiwa kavu na haijatoka jasho, kisha iache siku moja kabla ya kuipoza. Kabla ya kuchapa 900, chapa karatasi moja, bandika chupa sita, ziloweke kwenye maji ya barafu saa mbili, halafu sugua kwa kidole gumba. Pembe ikiinuka, badilisha gundi.

Mdau_Buzuruga:

Nimepata. Pikipiki nitamwombea bosi aisamehe. Mchapaji wa plastiki isiyoogopa maji yuko Mwanza hapahapa au mpaka Dar?

Rangi_na_Brashi:

Wapo mjini, zunguka maduka ya uchapaji katikati ya jiji na chupa yako mkononi. Asiyetaka kuipima shingo ya chupa kabla ya kukutajia bei, mpite. Shingo imepinda, na lebo iliyokatwa mstatili hukunjamana upande wa juu. Itabidi aikate kwa upinde kidogo.